Mama Varangati

Jirani yetu ndiye yule mama mgomvi wa kwenye vichekesho vya televisheni, anayemkimbiza mumewe kwa mwiko. Nyumbani kwake huongea taratibu hata inabidi umsogelee ndipo umsikie. Vijana wakimpigia kelele mtaani, "Mama Varangati, tugombeze kidogo!" hutabasamu tu, akafunga geti polepole kama anayeogopa kuamsha mtoto.

Anamuuguza mama yake mzazi, ambaye kumbukumbu zimemtoka. Asubuhi moja nilikwenda kumrudishia chungio lake, nikamkuta amepiga magoti mbele ya kiti cha bibi, bakuli la supu mkononi.

"Sili kwa mtu nisiyemjua," bibi alisema. "Niitieni mwanangu."

"Mwanao ndiye mimi, mama."

Bibi akageuzia uso ukutani. Jirani akapangusa macho kwa mkono wa blauzi. Kisha akasimama, akajishika kiuno, akaitoa ile sauti ya kwenye televisheni: "Ehee! Mmeanza kununa? Humu ndani anayenuna ndiye anayeosha masufuria!"

Bibi alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Kumbe ni wewe! Wewe nakujua sana."

Akafungua kinywa. Jirani akampa kijiko cha kwanza, kisha cha pili, huku akimgombeza kwa nguvu zote na machozi yakimtoka. Bakuli lilipokaribia kwisha, bibi alimshika mkono.

"Na wewe, mwanangu, mama yako yu hai?"

"Yu hai," alijibu kwa sauti yake mwenyewe. "Tena leo amekula."