Mahari ya Platinamu

Mjomba alinipigia simu nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chini, buti zimejaa tope la kijivu na masikio bado yanavuma kwa kelele za mashine. Hakuanza na habari za nyumbani kama kawaida yake. Alisema binti tuliyemposa ameshaulizwa mahari, naye ameshajibu.

"Anataka nini?" nikauliza.

"Anataka hicho unachochimba."

Nikacheka. Mjomba ni mtu wa utani, hasa na sisi wapwa zake, nikadhani ananichokoza. Yeye hakucheka, ndipo nikajua hatanii.

Nilikuwa nafanya kazi Afrika Kusini, upande wa Rustenburg, kwenye mgodi wa platinamu. Kwetu ni Kiwangwa, kwenye mananasi na mihogo. Jinsi nilivyofika huko kusini ni habari ndefu, niiache. Binti mwenyewe ni wa Bagamoyo mjini, ukoo wa wafanyabiashara ambao babu zao walitoka Omani. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi. Nilikutana na binti dukani humo nikiwa likizo, nimekwenda kununua misumari ya kuezekea nyumba ya mama. Aliniuliza bati ni la geji gani, sikujua. Akaniuliza mbao zina unene gani, sikujua.

"Kaka, hiyo nyumba unaijenga au unaiota?" akasema, na wateja wote wakacheka.

Nilikasirika kweli. Kesho yake nikarudi kununua kitasa ambacho sikukihitaji.

Baada ya hapo tukawa tunazungumza kwa simu, mwanzo kwa kificho, halafu kwa ruhusa. Mjomba akapeleka posa, ikapokelewa kwa shingo upande. Baba yake hakuwa na neno baya juu yangu. Alisema tu kwamba mtu anayeishi nchi nyingine, tena chini ya ardhi ya hiyo nchi, ni vigumu kumjua. Mpango wetu ulikuwa mwepesi: binti ataje mahari, mimi nitume pesa kwa simu, mjomba akae mbele ya shehe kwa niaba yangu, ndoa ifungwe. Vijana wengi wa kwetu walioko nje wameoa hivyo. Ukipata likizo unamkuta mtu ameshakuwa mkeo, chai iko mezani.

Sasa binti hakutaja pesa, wala kitanda, wala msahafu. Ametaja platinamu.

"Mimi nimewaambia hilo si neno," mjomba akaendelea. "Wewe si unachimba? Sisi tukienda kuposa Fukayosi tunabeba mananasi, kwa kuwa ndicho tunacholima. Wewe unashindwa kutia kipande kimoja mfukoni?"

Hilo ndilo kosa la watu wa kwetu wote, na siwalaumu. Tumezoea kwamba mtu anakijua kitu anachokihangaikia: mwenye shamba la korosho anakula korosho, mwenye mihogo hakosi kisamvu. Kwa hiyo mtu akisikia unachimba madini, anaona jiwe linang'aa, unaliokota, unalipuliza vumbi, unalisweka kiunoni. Kila nilipokuja likizo hakukosekana jamaa wa kunivuta pembeni na kuniuliza kama sikuja na "kijiwe". Nikisema sina, ananitazama kwa upole, kama vile anasamehe uchoyo wangu.

Ukweli ni kwamba miaka yote ile sikuwahi kuiona platinamu.

Zamani kupita hesabu ya mtu yeyote, mwamba ulioyeyuka ulipanda ukajikusanya ndani ya ardhi ya nchi ile, mwingi mno, ukapoa polepole. Ulipokuwa unapoa, vilivyo vizito vikazama na vyepesi vikabaki juu, tabaka juu ya tabaka, kama maji ya kisima yanavyotuama mtungini na kuacha tope lake chini. Katika matabaka yote hayo, platinamu imejibana kwenye mikanda michache myembamba. Mkanda tuliokuwa tunaufuata sisi haukuzidi kimo cha mtoto wa chekechea. Unaingia umeinama, unafanya kazi umepiga magoti, na dari la mwamba linakugusa kofia kila ukijisahau. Unaujua mkanda kwa mistari myeusi juu na chini yake. Katikati ni jiwe la kijivu lenye madoadoa, halina uzuri wowote. Vichembe vya manjano vinavyometa humo ndani vinamfurahisha mgeni, lakini hivyo si platinamu.

Tunatoboa, tunalipua, jiwe linapandishwa juu. Huko linasagwa mpaka linakuwa unga, unga unatiwa maji na dawa, povu linaenguliwa, linakaushwa, linachomwa, linapelekwa kwingine. Lori zima la jiwe, mwisho wake ni kitu kisichojaza kijiko cha chai. Na hicho kijiko sikukiona. Walikiona watu wengine, kwenye jengo jingine, nyuma ya uzio mwingine. Sisi langoni tulipekuliwa kila siku, na mtu akikutwa hata na kokoto moja, kazi hana.

Haya yote nilimweleza binti siku hiyo hiyo kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia Johannesburg kuna masonara, nitamnunulia pete ya platinamu halisi, nyepesi lakini halisi.

"Vitu vya dukani hata baba anavyo," akajibu. "Mimi nimesema unachochimba wewe." Kisha akaniaga vizuri, kwa salamu kwa wenzangu wote.

Nilikaa kitandani na simu mkononi, moyo umeniuma. Mimi ni mtu wa pwani, naijua lugha ya kwetu. Sisi hatumwambii mtu hatumtaki. Tunamkaribisha, tunamsifu, tunamtajia jambo lisilowezekana, naye akishindwa tunasikitika pamoja naye. Nikaona ndicho nilichofanyiwa. Labda baba yake kamshauri, labda ni akili yake mwenyewe, lakini maana ilikuwa moja: nimekataliwa kwa adabu. Nilimpenda yule binti. Nilimpenda hata kwa ule ulimi wake wa dukani. Nikasema kama ni kukataliwa, nikataliwe uso kwa uso, nisikataliwe na simu. Nikaomba likizo kabla ya wakati wake, nikapanda basi.

Safari ile ya kupita nchi za watu inatosha kumnyoosha mtu. Nilipofika Chalinze nilikuwa nimechoka na sina nililobeba zaidi ya begi la nguo. Nikateremka kusubiri gari la kwenda upande wa Msata nifike Kiwangwa. Pembeni ya pale nilipokaa, fundi wa ekzosi alikuwa amelala chini ya gari dogo, anakata bomba kwa msumeno wa umeme. Akatoa kasha la bati lililovimba katikati, akalipasua kwa nyundo. Ndani mkamwagika vipande vya kijivu, vyenye vitundu vidogo vidogo mithili ya sega la nyuki.

Nikasimama. Siku tulipoanza kazi mgodini, mkufunzi mmoja alituambia kwamba watu hudhani platinamu inakwenda kwenye vidani, kumbe nyingi inaishia kwenye ekzosi za magari, ikisafisha moshi. Tulicheka siku ile. Tunainama chini ya mwamba kwa ajili ya ekzosi!

"Fundi, hayo unayafanyia nini?" nikamuuliza.

"Masega haya? Yakizeeka yanabana gari. Tukitoa, gari linapumua. Wapo watu wa mjini wanapita kuyanunua, wanayapenda sana, sijui wanayapeleka wapi."

Nikamwambia nataka kununua moja. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Una gari gani?" Nikasema sina gari, nataka kuoa. Akacheka mpaka akaweka nyundo chini, lakini aliniuzia. Aliyakusanya yote mpaka makombo, akayatia kwenye mfuko, akaniombea heri.

Mama aliponiona na ule mfuko alikwenda kuniwekea maji ya kuoga. Mjomba alisema mengi. Alisema amekwenda posa nyingi katika maisha yake, na hajapata kubeba taka za gereji. Mwisho akakubali, kwa kuwa tayari alishatoa ahadi na hakutaka ionekane mpwa wake ni mtu wa maneno matupu. Yakafunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni, yakawekwa kwenye sinia, tukaenda Bagamoyo.

Tulipokelewa sebuleni kwa kahawa na halua. Baba wa binti alikuwapo, na ndugu zake wawili, na shehe wa msikiti wao aliyeitwa kushuhudia. Wanawake walikuwa chumba cha pili, pazia likiwa katikati. Tukapeana shikamoo na marahaba, tukaulizana hali, mvua, barabara na bei za saruji. Kisha mjomba akasukuma sinia mbele, akafunua.

Baba yake akainama, akashika kipande, akakigeuza. Alikuwa mtu wa vyuma na mabati, hakuhitaji kuelezwa.

"Mmeniletea ekzosi," akasema taratibu.

Mjomba akaanza kukohoa. Nikaona nikimwachia yeye tutazama sote, nikasema mwenyewe. Nikaeleza mkanda ulivyo, jiwe linavyosagwa, na kwamba kwenye kuta za vile vitundu pamepakwa platinamu kidogo mno, haionekani kwa macho. Nikasema sijawahi kuikaribia zaidi ya hapo.

"Unaweza kuapa kwamba hii uliichimba wewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nani pale angenibishia? Lakini shehe ananitazama, na nyuma ya pazia binti anasikiliza.

"Siwezi, mzee wangu. Huenda imetoka mgodi mwingine, huenda hata nchi nyingine. Hata iliyotoka kwenye mgodi wetu sijui ilikokwenda. Kazi yangu ndivyo ilivyo. Sina nyingine ya kukuletea."

Baba yake akakirudisha kipande kwenye sinia, akajifuta vidole kwa leso, kidole kimoja kimoja. Niliona imekwisha. Nilianza hata kutafuta maneno ya kuagia, maana mtu anapaswa kutoka nyumba ya watu vizuri, hata kama anatoka na aibu.

Shehe ndiye aliyeniwahi. Aliuliza kama kitu kile kina thamani. Mmoja wa wale ndugu, ambaye ana magari, akakiri kwamba kina thamani, wezi wanakikata chini ya magari ya watu. Shehe akasema kwamba mahari ni haki ya bibi arusi, si ya baba wala ya wajomba. Kama kitu kina thamani, ni halali na yeye ameridhia, sisi wengine hatuna la kusema. Aulizwe mwenyewe.

Shangazi yake akaja, akachukua sinia, akaingia nalo ndani. Kahawa yangu ilipoa mkononi. Nilisikia minong'ono, nikasikia kipande cha sega kinavunjika, kisha mtu mmoja akacheka, na kile kicheko nilikijua.

Shangazi akarudi akasimama mlangoni. "Anasema ameridhia. Ila anataka kujua, alikileta mwenyewe kwa mkono wake, au alimtuma mtu?"

"Si huyu hapa," mjomba akasema kwa ukali kidogo. "Hamumwoni? Amekonda kwa basi."

"Basi ameridhia," akasema shangazi.

Baba yake akavuta pumzi ndefu, akaomba kahawa nyingine. Hakufurahi, na sitadai kwamba alifurahi. Lakini alikuwa mtu wa neno lake, na binti yake alikuwa ameshasema. Ndoa ikafungwa Ijumaa baada ya sala, mbele ya watu waliokuwa wameshasikia habari ya ekzosi na wanajitahidi wasicheke. Mkono niliopewa na baba yake nikaushika mwenyewe, na neno la kukubali nikalitamka mwenyewe.

Kisha wakanipeleka ndani kumpa mkono bibi arusi, kama ilivyo desturi. Alikuwa amekaa kitandani katikati ya shangazi zake, mikono imejaa hina, macho chini. Nikaweka mkono wa kulia kwenye paji la uso wake ili nisome dua. Nilikuwa nimeirudia njiani kote kwenye basi, hata siku nilizodhani haitanifaa kitu.

Kabla sijaanza, akanong'ona bila kuinua macho.

"Pesa ungeituma kwa simu, na wewe ungebaki huko huko."

Dua yote ikanitoka kichwani. Niliona aibu na furaha kwa pamoja. Nilisimama pale na mkono juu ya paji la uso wa mke wangu, midomo wazi, mpaka shangazi yake akanihurumia akaanza kunisomea, nami nikamfuatisha neno kwa neno.