CD ya Kwaya ya Mama

Juzi niliona CD zimening'inizwa shambani Nduruma kufukuza ndege, nikamkumbuka mama. Alipofariki, kaka alinakili CD yetu pekee ya kwaya yake kwenye kiredio cha memori kadi. Kwenye nakala hiyo, wimbo ulikwama palepale mama alipoanza kuimba peke yake. Nilidhani CD imechafuka. Mchana ule, jikoni kukinuka maganda ya ndizi, niliisugua kwa majivu na mchanga kama sufuria, mpaka vidole vikauma. Kaka akarudi na kompyuta ya kuazima ili anakili upya.

"Kaka, nimeshaisafisha."

Aliitazama mikwaruzo iliyoiharibu CD kabisa, akanivisha hedifoni za kiredio.

"Hongera. Haya, sikiliza ulichotubakizia."

Nikamsikia mama akivuta pumzi, halafu kimya.