Pampu Isiyochafua Hewa

Mie nauza dawa mtaani Chumbageni, tangu maduka binafsi ya dawa yaruhusiwe, na aibu hii bado haijanitoka. Msambazaji alileta pampu mpya za pumu, akasema, “Hizi hazichafui hewa kama zile za zamani.” Kwa akili zangu nikaelewa kwamba za zamani humjaza mgonjwa upepo tumboni akajamba!

Ijumaa duka limejaa, akaingia Bi Rukia, mteja wangu wa pampu.

“Shikamoo bibi. Chukua hii, hutachafua hewa tena. Usione haya, tumekuvumilia siku zote.”

Mwalimu mmoja kwenye foleni akasoma boksi, akatufasiria: gesi ya pampu za zamani huharibu hewa ya angani.

Bi Rukia akanikazia macho.

“Sasa mjukuu wangu, mlikuwa mkinivumilia nini?”