Uzi Mweupe wa Kinyozi

Kinyozi alipofariki, vitu vyake vyote viligawanywa isipokuwa viwili: kiti chake cha kazi, kile cha kuzunguka, na mmea ulioning'inia juu yake kwenye ndoano ya dari. Mkewe, fundi cherehani, alisema wazi kwamba atakayegusa kimojawapo watajuana. Ndugu walimjua tangu zamani, hawakugusa.

Mmea wenyewe haukuwa na makuu. Nyuzi zilishuka kutoka kwenye chungu zikiwa zimejaa vijani vidogo vinene vyenye maji ndani, kijani katikati na weupe pembeni. Marehemu aliuita Mteja, kwa kuwa alikuwa akiupunguza kila alipomaliza vichwa vya watu. Hakuumwagilia mpaka udongo ukauke kabisa. Na uzi ukichomoza mweupe mtupu, bila kijani hata chembe, aliukata papo hapo.

"Huu haujipikii," alimwambia mkewe. "Unakula jasho la wenzake. Ukiuonea huruma, mmea wote utakufa."

Mkewe aliyajua hayo yote. Lakini waombolezaji walipotawanyika na uzi mweupe ukachomoza, alishindwa kuukata. Ulikuwa mweupe kama kitambaa cha bafta, mzuri kuliko nyuzi zote. Akasema kwa sauti, peke yake chumbani, "Wewe utabaki." Nyuma yake kiti kikatoa mlio, kwii, ule mlio wa mtu anapokaa.

Mwenye akili zake angetoka mbio. Yeye alisogeza cherehani karibu na kiti, akaendelea kushona.

Uzi ule haukufuata dirisha kama wenzake. Ulishuka upande wa giza, ukielekea kwenye egemeo la mkono la kiti, na kadiri ulivyoshuka ndivyo kiti kilivyozidi kulia. Siku nyingine chumba kilinukia poda ambayo marehemu aliwapaka wateja shingoni. Alifurahi, tusidanganyane, alifurahi sana. Alimsimulia mumewe habari za mtaa, akamsengenya shemeji yake bila haya, kisha akangoja ile kwii. Haikumwangusha hata mara moja.

Nyuzi nyingine zikaanza kusinyaa. Naye vilevile. Magauni aliyojishonea mwenyewe yalimpwaya, akayapunguza kiunoni, yakapwaya tena. Chakula kilimkinaisha kabla hajakionja.

Binti yake alikuja kumjulia hali, akakwama mlangoni, mkoba ungali begani.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Niko na baba yako hapa."

Binti akakitazama kiti. Kilikuwa kinazunguka taratibu, na dirisha lilikuwa limefungwa. Uzi mweupe ulikuwa umejiviringisha kwenye egemeo, pale pale marehemu alipozoea kuweka kiganja.

"Baba mwenyewe angeukata huo," binti alisema.

"Najua."

"Basi ukate, mama. Nimeshamzika yeye. Nawe nikuzike?"

Fundi alinyoosha mkono kuuchukua mkasi wake wa nguo, akaurudisha. Mkasi wa nguo haukati kitu kingine, hata pakiwa na msiba. Akaenda kwenye droo ya marehemu, ambayo hakuna aliyeifungua tangu afariki, akatoa mkasi wake wa kunyolea.

Ulikuwa na joto, kama umetoka mkononi sasa hivi.

Kumbe mumewe alikuwa akimngoja aukate muda wote huo.

"Haya, mume wangu," akasema. "Nimekuelewa."

Alikata juu kabisa, karibu na udongo. Uzi ulianguka kitini. Kiti kikalia mara moja, ule mlio wa mtu anapoinuka, kisha kikaacha kuzunguka.

Alilia mpaka kifua kikamuuma. Baadaye alimwomba binti yake chakula, akala huku machozi yakidondokea sahani, akaongezewa, akala tena. Alipougusa mkasi, ulikuwa umeshapoa.