Samaki Zenye Zilikula Bila Kunona

Siku ya kwanza ya kazi nilifikiri banipe jembe ao ndoo. Mzungu mwenye kuongoza station ya samaki, kule Bungulu mu Beni, alinipa kisu na tilapia moja yenye ilikuwa ingali inarukaruka. "Fungua tumbo," akasema. "Uniambie ilikula nini." Niliona ananichekelea. Nimeacha mashamba ya baba kule Kipese juu ya kutafuta mushahara, sasa naambiwa kusoma matumbo!

Mais lakini ile njo ilikuwa kazi yenyewe, weye kijana mwenye kutaka kufuga samaki leo, sikiliza muzuri. Utumbo wa tilapia ni murefu kama kamba ya kufunga mbuzi, umejizungusha ndani. Kwa mwanzo chakula ingali majani, unaitambua. Kwa katikati imegeuka matope. Kwa mwisho ni nyeusi, laini, hauwezi tena kujua ilikuwa nini. Samaki wa vile anasaga chakula yake, atanona. Lakini kama makapi ya muhindi inatoka vile iliingia, unalisha bure. Ile Mzungu alinifungulisha samaki mpaka nilianza kuzilota.

Kiisha indépendance, uhuru wetu, ikafika. Asubui moja Mzungu alinitia funguo zote mu mukono, akapanda mu gari na imbwa yake, akaenda. Nilibaki nasimama pale na funguo. Nani chef, nani mukubwa sasa? Batu baliniuliza mimi, na mimi niliuliza batu. Tuliendelea kulisha samaki juu hakuna mutu alitukataza.

Nyuma serikali ikatutumia Agronome, mutalamu wa mashamba na samaki, mutu wa Kasai, mbali na kwetu, mwembamba, mwenye kuvaa kravate hata ndani ya matope. Hakuchekaka. Alitutukana kwa heshima, mimi ananiambia: "Monsieur Kambale, kama ungetumia akili, tungemaliza jana." Alitufundisha kutunza samaki zenye kuota kitu cheupe kama pamba mu ngozi: unatia chumvi kidogo mu ndoo ya maji, unaweka samaki ndani kwa muda mufupi, unairudisha kwake. Tulimuitaka Agronome tu, hatukuuliza jina yake. Hakuna mutu mu kartie, mu mutaa wetu, alimukaribisha kwake, na mimi sikumukaribisha.

Vita ya baasi ilipotufikia, barabara ikafungwa na chumvi ikapotea mu Beni yote. Basoda ba serikali bakarudi, bakafukuza baasi, bakaanza kupekua nyumba kwa nyumba. Mutu yeyote mwenye kukutwa na chumvi mingi, balisema anafanya biashara na baasi, na bakamutia mu kamio, lori ya basoda ya kuenda Bunia. Kuna benye balipanda ile kamio na hatukubaona tena.

Mu station, mufereji wa kuleta maji ulivunjwa mu ile vita. Commandant wa basoda alitaka samaki kila juma, na samaki zote zilitoka kwa zile za mbegu, zenye kuzaa, zenye tulichunga mu bassin ya sementi. Ile maji ya bassin haikubadilika tena. Ikakaa.

Njo pale akili yangu ikapotea. Samaki za mbegu zilikuja kwa chakula, zilikula kwa uroho, lakini zilikonda mpaka kichwa ikapita mwili kwa ukubwa. Nikafungua moja. Utumbo umejaa maji, na makapi iko ndani nzima-nzima. Nikafungua ingine, vile vile. Nikafikiri ni baridi. Baridi gani, Beni? Nikafikiri makapi imeoza. Nikaionja, ilikuwa muzuri. Nikafikiri mutu ametuloga. Tena kulikuwa kitu ingine yenye sikuelewa: bamama ba kartie balipita chemchemi ya maji safi, bakakuja kuchota maji yetu yenye kunuka samaki. "Ni ya kufulia," balisema, bakacheka.

Samaki zikaanza kufa. Commandant akakuja, akaziona zinaelea. "Mugeni huyu anatia sumu mu chakula ya jeshi," akasema. Akafungia Agronome mu depo ya makapi. Kamio ya Bunia itaondoka kesho asubui, na yeye ndani.

Nilirudi nyumbani saa ya mangaribi. Bibi yangu akaniletea maharagi. Nikatia mu kinywa, nikasimama. Maharagi ilikuwa na chumvi! Mu Beni, siku zile!

"Chumvi inatoka wapi?"

Bibi akaangalia mama yake. Ni Mama Katungu, mama mukwe wangu, alikuwa amekaa kwa mulango, ametupa mugongo. Kwetu mutu hapana kuuliza mama mukwe chakula inatoka wapi, na yeye hapana kuangalia mukwe wake mu macho. Akajibu akiangalia inje, kama anaambia kuku: "Basoda balipopekua, tulikimbia na mifuko yetu ya chumvi ya ziwa ya Katwe, bamama bote ba hii njia. Tuitupe wapi? Tukaitupa mu bassin ya samaki. Ikayeyuka yote. Basi, tunapika na ile maji."

Eh! Nilishika kichwa. Bibi yangu alikuwa ndani ya ile maneno. Muke yeyote wa ile njia alikuwa ndani.

Asubui nikapelekea Agronome maji ya kunawa mu beseni. Nikamuambia yote polepole, kupitia matundu ya mbao. Hakushangaa.

"Nilionja ile maji zamani, Monsieur Kambale. Samaki wa maji ya mutoni hapana kunywa. Maji inamuingia yenyewe, kwa mashavu na ngozi. Ukimutia mu chumvi inamukausha, anaanza kunywa bila kuacha. Utumbo unajaa maji, chakula inapita mbele haijasagika. Na nguvu yake yote inaishia kutoa chumvi mu damu, hapana kujenga nyama. Tilapia anaweza kuvumilia chumvi kama inapanda polepole. Ile ilianguka siku moja."

"Mais juu ya nini hukusema?"

"Nimuambie nani? Commandant ataniuliza chumvi ni ya nani."

"Sasa tufanye nini?"

"Weye, nyamaza."

Sikujua kama nisali ao nikimbie. Nikisema, bamama banapanda kamio, na bibi yangu kati yao. Nikinyamaza, ni yeye. Nilisimama na ile beseni mpaka Commandant akafika.

Agronome alitengeneza kravate yake. "Mon Commandant, hakuna sumu. Ni chumvi. Mzungu aliacha chumvi ya station, ni dawa ya samaki. Niliitia mimi. Nilipima mubaya."

Commandant akapeleka musoda kuonja. Musoda akatema, akaitikia na kichwa. Commandant akapasuka: "Mungwa! Chumvi! Basoda bangu banakula bila chumvi, na weye unaipa samaki!"

Bakamutia mu kamio. Bamama balisimama na ndoo zao mpaka kamio ikapotea.

Tulihesabu amekufa. Mais alirudi vita ilipoisha, bila meno ya mbele, na serikali ikamutuma Butembo kuchimba etang mupya, bwawa ya kufuga samaki. Akaniita nimufuate. Butembo ni baridi, kule samaki anasaga polepole na mutu wa haraka anapata hasara. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, na hakunigusia ile maneno hata siku moja.

Leo mimi pia niko retraité, nilimaliza kazi, nakaa Bulengera mu Butembo, na vijana banakuja kuniuliza juu ya chumvi na samaki. Nabaambia: onja maji yako mbele ya kulaumu chakula, mbele ya kulaumu mutu. Ile naijua. Lakini kuna ingine sijaielewa mpaka leo.

Siku Agronome alipochukua retraite ili arudi Kasai, nilimukaribisha kwangu, mara ya kwanza. Mama Katungu, muzee sana, alipika yeye mwenyewe. Akaweka sahani mbele yake, akabaki amesimama. "Juu ya nini ulisema chumvi ilikuwa yako? Hatukukufanyia muzuri hata moja."

Agronome alifuta kinywa. "Mama, mimi pia nilikuwa nachota ile maji. Kila siku, mukiisha kuenda. Ningepika na nini?"

Akacheka. Ao ilikuwa kweli, ao alisema vile juu mama asibebe deni mu kaburi. Nilimuangalia mu uso, sikuona kitu.

Mama Katungu alikaa chini karibu yake. "Jina yako ni nani?" akauliza.

"Tshimanga."

Alijaribu, ikamushinda mu ulimi. Akajaribu tena. Akaendelea, mukono juu ya mukono yake, mpaka ikatoka vile mama yake kule Kasai alimuitaka.