Bosi na Vidonge vya Mbwa

Siku bosi wangu aliponisalimia ndipo nilipojua kuna tatizo.

Nilikuwa katibu muhtasi wake kwa miaka sita, na salamu yake kwangu ilikuwa "faili liko wapi?" Sasa Jumatatu hiyo anaingia taratibu, ananitazama kama mgeni, anasema, "Habari za asubuhi, dada."

Mezani kwake kulikuwa na barua ya kunifukuza kazi. Niliichapa mwenyewe Ijumaa. Kosa langu ni kumsahihisha mbele ya wageni. Ilibaki sahihi yake tu.

Hakusaini. Alisinzia.

Jumanne, kikaoni, aliulizwa swali. Akakaa kimya dakika nzima, kisha kwa ulimi mzito akasema, "Tulitazame." Wajumbe wa bodi wakaandika. Mmoja akaninong'oneza, "Siku hizi mkubwa ana busara."

Nikaendelea kuandika kumbukumbu za kikao. Akisinzia yeye, mimi nina kazi.

Alhamisi nikampelekea chai. Kichwa kiko mezani, midomo imebadilika rangi. Akavuta pumzi moja. Nikasubiri ya pili, nikasubiri sana. Droo ilikuwa wazi, ndani kichupa kimeandikwa: MBWA. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Nikaitazama ile barua. Sitawadanganya, niliitazama.

Kisha nikamwita dereva kwa sauti yangu yote.

Hospitalini mkewe alieleza huku ameinamisha uso. Mbwa wao ana kifafa. Bosi alikuwa hapati usingizi kwa miezi, akaona mbwa akimeza kidonge analala fofofo. Akaanza kugawana naye.

"Alimeza kimoja?" daktari akauliza.

"Alisema yeye ni mkubwa kuliko mbwa. Alikuwa anameza vinne."

Daktari akavua miwani. "Dawa hii inapunguza kasi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Ukizidisha, ubongo unasahau hata kuyaamuru mapafu. Dada, ungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine."

Baada ya wiki tatu akarudi kazini, macho makavu. Bodi ilikuwa imempandisha cheo kwa "utulivu wa kipekee katika uongozi."

Hakunisalimia. Alivuta barua yangu, akasaini.

Jamani, dawa ya mwenzio usiimeze, hata kama mwenzio ana mkia. Na ukiona bosi wako amekuwa mpole ghafla, mkimbize hospitali.

Ila kwanza ichane hiyo barua.