Shingo ya Mgeni

Laiti siku ile ningekataa kumpeleka yule mgeni kwa baba.

Leo mjukuu wangu ameniletea wembe wa plastiki wenye makali matatu. "Babu, huu hata ukifumba macho haukukati," amesema. Povu la kunyolea alilokuja nalo linanukia kama sabuni ya baba.

Baba alikuwa ametoroka nasi kutoka kambi ya wakimbizi. Alinyoa watu barazani kwetu, mtaa wa Katubuka, kwa wembe wa kukunja, aliounoa kwenye mkanda wa ngozi. Alinionya nisiitikie Kirundi, lugha yetu, njiani, watu wasijue tulikotoka. Lakini mgeni yule aliponisalimia kwa lugha hiyo, "Amahoro," niliitikia kabla sijafikiri. Akacheka, akapapasa kichwa changu, akauliza ni nani aliyeninyoa vizuri hivyo. Kwa majivuno nikamshika mkono, nikamwongoza.

Baba alipomwona, mkanda ulimtoka mkononi. Mgeni akaketi, akainua kidevu.

"Ninyoe, jirani. Nyumbani tulikutafuta sana."

Baba akampaka povu, akaweka wembe kooni. Nilisikia ndevu zikikwaruzika na nzi wakizunguka beseni. Mama alisimama mlangoni, kiganja mdomoni. Baba alinyoa mpaka mwisho, hakumchubua hata kidogo.

Mgeni akajipapasa shingo. "Mkono wako bado mwepesi. Jioni njoo ufukweni Bangwe, peke yako. Usipokuja, nitakuja mimi. Njia mtoto amekwisha kunionyesha."

Jioni baba alimkabidhi mama wembe, akaenda. Hakurudi.

Majivuno yale yalinigharimu baba, na tangu siku hiyo mama hakuniita tena mwanangu.